Doa Lisilotaka Sabuni

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Kanta ya Okwakol, lori lake dogo kuukuu, ilikataa gia katikati ya barabara ya Malaba, tena pale pale ambapo malori ya kwenda Uganda hujipanga foleni na madereva hawana kazi nyingine ila kutazama watu. Okwakol alikanyaga klachi, pedali ikashuka mpaka sakafuni na kubaki huko. Akaiinua kwa ncha ya kiatu, akakanyaga tena, akaisukuma gia kwa mikono miwili. Giaboksi ikalia kama kuku anayekamatwa. Nyuma yake pikipiki na matrela yakaanza kupiga honi.

Mkewe Apeduno aliyaona yote hayo. Alikuwa anatoka kwenye foleni na beseni la nguo kichwani, maana kazi yake ndiyo hiyo, kuwafulia madereva wanaokwama mpakani siku mbili tatu. Madereva walishuka kusukuma, na kusukuma bila maneno ni kazi ya malaika, si ya dereva wa lori. Mmoja akamuuliza Okwakol kama klachi aliifunga akiwa macho ama akiwa ndotoni. Mwingine akasema siku hizi kila mtu ni fundi mradi ana bando la simu. Okwakol akawajibu, kwa sauti ya mtu anayejiamini, kwamba ni hewa tu imebaki ndani ya paipu na itatoka yenyewe. Apeduno aliweka beseni chini akajitia kwenye msukumo ule, uso ameuinamisha. Walipofika kando ya barabara alichukua beseni lake akaenda nyumbani.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi. Silinda ya chini ya klachi, ile inayokaa ubavuni mwa giaboksi, ilikuwa ikivuja, na Okwakol, aliyeendesha malori miaka kumi na tisa, hakuona sababu ya kumwita mtu. Alinunua raba mpya, akaegemeza simu kwenye tofali, akatazama video ya fundi asiyesema neno akifungua na kufunga, naye akafungua na kufunga. Jioni alimwita Apeduno akae kwenye usukani amkanyagie klachi ili atoe hewa. Kanyaga, shikilia, achia. Ilifanya kazi siku moja na nusu. Tangu hapo alikuwa akiongeza mafuta ya breki asubuhi na jioni, kama anayemnyonyesha mtoto, na kila aliyeuliza aliambiwa ni hewa. Matone yaliyobaki chini ya gari alisema ni oili ya giaboksi. Gari la zamani, alisema, lazima litokwe jasho.

Ingekuwa wiki nyingine, Apeduno angemwacha na hewa yake. Lakini Alhamisi Kanta ilitakiwa Osieko, ziwani. Auma, mwenyekiti wa akina mama wauza samaki wa huko, alikuwa amekubali kumjaribu Okwakol safari moja, samaki wa barafu kutoka ufukoni hadi soko la Malaba. Moja tu, alisema kwenye simu, maana samaki hangoji fundi. Akifikisha mzigo vizuri kazi ni yake kila Jumatatu na Alhamisi. Akikwama, Auma alisema wenye magari ni wengi kuliko samaki.

Na upande wa pili alikuwepo Mathews. Huyu alikuwa na malori ya Juba, na jioni ya Jumanne hiyo hiyo alipiga simu wakati Okwakol ananawa mikono. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Nasikia hiyo Kanta inakusumbua," alisema. "Mimi niko na lori, na sina dereva. Unipatie jibu Ijumaa."

Okwakol akamwambia atamjulisha. Hakusema ndiyo wala hakusema la, na hapo ndipo Apeduno alipoacha kukunja nguo za wateja. Juba aliijua kwa simu isiyoshikika. Mwaka juzi mumewe alikaa huko miezi mitano, na wiki tatu kati ya hizo hakuna aliyejua kama yu hai, mpaka dereva mmoja alipoleta nguo za kufuliwa akasema amemwona huko Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, amelala chini ya lori, anatetemeka kwa malaria. Apeduno hakutaka kuziishi tena wiki kama zile. Alikuwa anaogopa, na hofu hiyo aliiona kubwa kuliko hasira yake yote juu ya klachi.

Jumatano asubuhi alitia ovaroli ya mumewe kwenye maji kabla ya nguo za wateja. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi mwisho wa mkono, ulikuwa na doa kubwa la rangi ya chai. Pakiti ya sabuni ilikuwa bado haijafunguliwa. Alilisugua kidogo kwa mazoea tu, na doa likaondoka. Apeduno aliacha kufua, akalitazama.

Mtu asiyefua nguo za madereva angemshukuru Mungu akaendelea. Apeduno alikuwa na miaka saba katika kazi hiyo, na uchafu wa lori aliujua kama anavyowajua majirani zake. Dizeli hutoka, lakini harufu inabaki mpaka nguo ianikwe mara tatu. Grisi huikwangua kwa kisu kwanza. Oili ya injini inataka mafuta ya taa na sabuni ya unga na mkono usio na huruma. Oili ya giaboksi ndiyo mbaya zaidi, inanuka yai viza na haiachi nguo mpaka nguo iwe tambara. Ni moja tu inayokubali maji matupu, nayo ni mafuta ya breki, yale yale yanayotiwa kwenye klachi.

Alinusa maji ya beseni. Hayakunuka yai. Basi lile jasho la gari lilikuwa klachi yenyewe inavuja, na inavuja mahali ambapo mkono wa kulia wa mumewe hupita akiwa amelala chini ya gari. Hewa haikuwa na kosa lolote.

Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine. Mwanamume aliyesukumwa Jumanne mbele ya foleni nzima, ukimwambia Jumatano kwamba kazi ya mikono yake ni bure, Ijumaa atakuwa njiani kwenda Juba. Ukinyamaza, kesho atakwama na samaki wa watu, na Ijumaa atakuwa njiani kwenda Juba vilevile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Apeduno aliamua kutafuta ushahidi kwanza, tena ushahidi usiokuwa na mdomo wa kumkera mtu.

Okwakol alipotoka kwenda kuazima turubai, Apeduno alirarua shuka kuukuu jeupe vipande vinne. Kimoja alikifunga ndani, juu ya pedali, mahali silinda ya juu ilipo. Cha pili alikizungusha kwenye paipu, katikati ya safari yake. Cha tatu alikifunga kwenye silinda ya chini, penye raba mpya ya video. Cha nne alikifunga pale paipu inapoungana na silinda hiyo kwa bolti. Kisha akapanda kwenye kiti cha dereva akakanyaga klachi mara hamsini, akihesabu kwa sauti. Jirani yake Nasambu alimwona kutoka upande wa pili wa ua, akamuuliza kama anajifunza kuendesha. Apeduno akamwambia ndiyo, anajifunza.

Aliposhuka alianza kukagua. Cha kwanza kilikuwa kikavu, na cha pili pia. Cha tatu alikishika mara mbili asiamini, nacho kilikuwa kikavu kabisa. Raba mumewe aliifunga sawasawa, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyotarajia. Cha nne kilikuwa kimelowa chapachapa.

Akafungua kitambaa, akapangusa, akaangaza kwa tochi ya simu. Bolti ile hukaa na washa mbili za shaba, pete bapa za kuzuia mafuta yasivuje, moja kila upande wa kichwa cha paipu. Upande mmoja washa ilikuwepo. Upande wa pili palikuwa na kitu kipana kuliko kichwa cha bolti, cha rangi ya shaba iliyozeeka, na ukingoni kilikuwa na herufi. Apeduno alisogeza uso mpaka pua ikagusa chuma. Ilikuwa senti.

Senti ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Bibi yake Okwakol alikuwa nazo kumi na mbili kwenye uzi, ndani ya kopo la majani ya chai, na alipofariki kopo likaja kwao. Apeduno alikumbuka jinsi mumewe alivyopepeta mchanga Jumamosi jioni akitafuta washa iliyomponyoka. Basi badala ya kwenda dukani Busia, mtu mzima na ndevu zake alikwenda kwenye kopo la bibi, akapanua tundu kwa tupa ya mviringo, akafunga shaba kwa shaba. Apeduno alicheka peke yake mpaka akajigonga kichwa kwenye chesisi.

Kicheko kilipoisha aliitazama tena. Washa huwa laini, ukiibana inalala na kuziba. Senti hii ilikuwa ngumu, na uso wake una maandishi na taji la mfalme vilivyoinuka. Kila klachi ilipokanyagwa, mafuta yalipenya katikati ya herufi, na klachi ilipoachwa yalitulia. Ndiyo maana matone yalikuwa machache gari likiwa limesimama, na chupa ya mafuta ya breki ikaisha likiwa barabarani. Alipangusa pale pakakauka, akafunga vitambaa vipya mahali pote panne, akanawa, akapanda gari la kwenda Busia.

Dukani kwa Egesa, muuza spea, palikuwa na wanaume watatu mbele yake na wawili waliokuja baada yake, na wote watano walihudumiwa kwanza. Zamu yake ilipofika Egesa alimuuliza ametumwa na fundi gani. Akajibu kwamba leo fundi ni yeye, na anataka washa mbili za shaba za bolti ya klachi ya Kanta, silinda ya chini. Egesa alitabasamu akamshauri anunue silinda nzima, maana wanawake hutumwa kitu kimoja na kurudi mara tatu.

"Silinda iko sawa," Apeduno alisema. "Raba ni kavu, ya juu ni kavu, paipu ni kavu. Inatoka kwa bolti tu, tena ukikanyaga."

Egesa akataka kujua nani amempimia. Alipoambiwa habari ya vitambaa vyeupe aliacha kutabasamu, akatoa kisanduku, akachagua washa mbili mpya zinazong'aa na kumwongezea ya tatu bila malipo. Nauli ilikuwa kubwa kuliko washa mara tano. Apeduno alirudi Malaba kichwa kiko juu.

Okwakol alirudi na turubai saa kumi kasorobo, akakuta chakula mezani, atapa, yaani ugali wa wimbi, na kunde, na kando ya sahani washa mbili kwenye kisosi. Alizitazama kwa muda kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Hizi ni za nini?"

"Za klachi, Baba Vivian."

"Nani alikuambia klachi iko na shida ya washa?"

"Ovaroli yako," Apeduno alisema, akamweleza taratibu, doa, beseni, vitambaa. Aliianza habari na raba, jinsi ilivyofungwa vizuri hata tone hakuna, na akaiacha senti mwisho. Hata hivyo uso wa Okwakol ulibadilika alipoisikia.

"Kwa hivyo umelala chini ya gari yangu majirani wakiangalia. Kesho Malaba yote itasema."

"Nasambu anajua najifunza kuendesha. Hakuna mtu mwingine anajua."

"Shaba ni shaba."

"Shaba ya senti imeandikwa. Mafuta inapitia kwa hiyo maandishi. Ni hapo tu, Baba Vivian. Kazi hiyo ingine yote ulifanya poa."

Okwakol alisukuma sahani. Alisema Mathews hajawahi kumpima kwa nguo chafu, akatoka nje.

Apeduno alibaki amekaa, akijuta kwamba amesema na akijua kwamba asingeweza kunyamaza. Angekuwa na mikono minne angebadilisha washa zile mwenyewe bila mtu kujua. Lakini klachi ikifunguliwa lazima itolewe hewa, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja lazima awe juu kwenye pedali na mwingine chini kwenye niplo ya kutolea hewa.

Akasikia mlango wa Kanta unafunguliwa. Pedali ikaanza kulia. Bila kutaka alijikuta anahesabu, ishirini, thelathini, arobaini. Pedali ikaachwa. Kisha zikasikika buti zikikwaruza changarawe, na mtu anajivuta chini ya gari.

Okwakol aliporudi alikuwa na mchanga mgongoni na kitambaa cha nne mkononi, kimelowa. Hakumtazama mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni uani, akakichovya kitambaa kwenye maji yasiyo na sabuni, akakikamua, akakikunjua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe.

"Nani atanikanyagia?" aliuliza hatimaye.

Apeduno alihisi machozi yanamlengalenga, akayakataza. "Kanyaga wewe," alisema. "Nguo zangu zimeshachafuka."

Hivyo ndivyo Okwakol alivyokaa kwenye kiti chake mwenyewe akingoja amri, na mkewe akalala chini juu ya gunia. Alifungua bolti, akatoa senti, akampitishia dirishani, naye akaitia mfukoni haraka kama pesa iliyoibwa. Washa mpya zikakaa, bolti ikabana. Kisha akaunganisha mpira mwembamba kwenye niplo, akauzamisha kwenye chupa.

"Kanyaga. Shikilia." Povu likabwabwaja kwenye chupa, akafunga niplo. "Achia."

Nasambu alikuja mpaka kwenye ua, safari hii na jirani mwingine, akauliza kwa nini mwanafunzi yuko chini na mwalimu yuko juu, na leo fundi ni nani. Apeduno aliuma mdomo kule chini. Juu yake sauti ya mumewe ikatoka dirishani, nzito kidogo.

"Uliza huyo ako chini."

Walirudia mara kumi na tisa. Mara ya mwisho hapakutoka hata kiputo kimoja cha povu, na pedali ikasimama juu, ngumu, inamjibu mguu. Okwakol aliikanyaga mara kadhaa zaidi bila sababu yoyote, kwa raha yake tu.

Walitoka Malaba Alhamisi kukiwa kumepambazuka, wote wawili, Apeduno upande wa abiria na chupa ya mafuta ya breki mapajani. Walipofika Mundika walisimama. Apeduno alishuka, akapapasa ile bolti kwa kitambaa, akamwonyesha mumewe kupitia dirishani. Kikavu. Chupa ilifika ziwani haijafunguliwa.

Osieko ufukoni pana mchanga mzito, na kreti zilikuwa zimepangwa mahali ambapo gari lazima lirudishwe nyuma hatua kwa hatua, kati ya nyavu na watu. Hiyo ni kazi ya nusu klachi, na klachi mbovu ingejulikana hapo. Okwakol alirudi nyuma, akasimama, akasogea mbele kidogo, akarudi tena. Kila mara gia iliingia bila kelele. Alipozima injini kreti ya kwanza ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye bodi.

Auma hakusogea. Alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni ya plastiki na simu mbili, na alisema mbele ya wenzake wote kwamba anataka kuuliza kitu kabla samaki hawajapanda.

"Nimeambiwa Jumanne hii gari ilisukumwa Malaba kama mkokoteni. Ni kweli ama ni fitina?"

Apeduno alishika chupa kwa nguvu. Alijua jibu lililo karibu, jibu la hewa, na alijua mumewe ni hodari wa kulisema. Okwakol alipangusa mikono kwenye suruali.

"Ni kweli, mama," alisema. "Nilijitengenezea klachi. Washa ikapotea, nikafunga senti ya bibi yangu. Huyu mke wangu ndiye aligundua, akifua ovaroli."

Mmoja wa akina mama akaanza kucheka, wengine wakafuata, na Okwakol akasimama katikati ya kicheko hicho, masikio yamemwiva, asikimbie. Auma alicheka kidogo tu. Alimtazama Okwakol, akamtazama Apeduno, akaiweka simu moja mfukoni.

"Dereva wa mwisho alichelewa saa nne akaniambia ni polisi," alisema. "Mwenye anakubali senti mbele ya wanawake ishirini, barafu yangu ikiyeyuka ataniambia iliyeyukia wapi. Pakieni. Na Jumatatu mfike mapema kuliko leo."

Walikuwa wamepakia nusu ya mzigo wakati simu ya Okwakol ilipolia juu ya dashibodi. Mikono yake ilikuwa na barafu na magamba hadi kwenye viwiko, akamwomba mkewe aipokee. Alikuwa Mathews. Hakungoja Ijumaa. Alisema lori la Juba limeshajazwa, liko tayari, na anataka kujua sasa hivi kama mwanamume anakuja ama haji.

Apeduno aliondoa simu sikioni. Angeweza kumjibu mwenyewe, na jibu alikuwa nalo tayari tangu Jumanne. Badala yake alimgeukia mumewe. Aliyarudia maneno ya Mathews kama yalivyo, kwamba lori la Juba liko tayari, akangoja, na kungoja huko kulimuuma.

Okwakol alikuwa ameshika mshikio mmoja wa kreti na wa pili ulikuwa bado chini. Hakugeuka.

"Mwambie hata gari yetu iko tayari," alisema. "Halafu kuja unishikie huku."

Apeduno alimwambia Mathews hivyo hivyo, akakata simu, akaenda kushika upande wa pili.